Bluu Ukutani

Katika duka la vifaa vya ujenzi pembeni mwa stendi ya Masasi, Rahima alikuwa akichagua koki pale mkono ulipopita juu ya bega lake kuchukua spana. Aliujua mkono ule kabla hajageuka.

"Kama ni ule ukuta wenu, koki haitakusaidia, dada Rahima," alisema Mujibu.

Dada. Miaka miwili nyuma alimwita Rahi, na simu zao hazikukatwa mpaka chaji iishe. Sasa Mujibu alisimama mbele yake amevaa ovaroli ya kaki, amekonda kidogo, na Rahima akajikuta anauvuta mtandio wa dera lake la rangi ya machungwa kama mbele ya mgeni.

Mujibu ndiye aliyetandaza mabomba katika nyumba ya akina Rahima kule Newala, nyumba iliyojengwa na babu. Wiki ambayo barua yake ya posa ingepelekwa, ukuta wa chumbani ukaanza kuloa. Baba akasema mbele ya watu, "Bomba limemshinda, nyumba ataiweza?" Rahima alikuwepo, akanyamaza. Kimya kile kilimchoma Mujibu kuliko maneno ya mzee, akahamia Masasi. Baba naye alishatangulia mbele ya haki, na ukuta bado ulikuwa ukiloa.

"Mafundi watatu wameyafukua mabomba yako," Rahima alisema. "Njoo uutazame mwenyewe."

"Nitakuja. Si kwa ajili yako. Nataka kujua kama nilikosea."

Maneno hayo yalimuuma, lakini heri nusu shari.

Jumamosi Mujibu alifika Newala kwa pikipiki, akamkuta mama yake Rahima mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetutupa."

Mujibu akaweka kiganja ukutani. "Maji ya bomba yalitoka lini mara ya mwisho?"

"Leo siku ya tisa hatujaona hata tone," Mama alijibu.

"Na ukuta umelowa. Basi bomba halihusiki."

Akatoka uani, akainama kwenye kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua, kilichogusana na ukuta ule, akamwaga ndani unga wa bluu ya kufulia.

"Maji yangu ya kunywa hayo," Mama alilalamika.

"Yamebaki kidogo, Mama. Utafulia. Mvua zinakuja."

Kesho yake, miguuni pa kitanda cha Rahima, ukuta ulikuwa na doa la bluu.

"Kisima kina ufa," Mujibu alisema. "Tena ulianza zamani, kabla sijashika spana, ukapanuka polepole."

Rahima alingoja atabasamu. Hakutabasamu.

"Nilijua si wewe," akamwambia.

"Ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Basi hilo ndilo linaloniuma, dada."

Mujibu aliziba ufa, akala ugali wa muhogo kwa heshima ya Mama, akawasha pikipiki yake kurudi Masasi. Mvua zikaja, kisima kikajaa mpaka juu. Kila jioni Rahima aliweka kiganja pale Mujibu alipoweka chake. Ukuta ulikuwa mkavu, na yeye hakuwa tena na sababu ya kumpigia. Alimtamani mpaka chakula kikamshinda.

Ijumaa moja, baba mdogo Khalidi alipokuja kuwajulia hali, Rahima alikaa mkekani akasema mbele yake na Mama: "Baba alimkosea Mujibu. Mabomba yake hayakuwa na kosa. Mimi nilijua, nikanyamaza. Na bado namtaka."

Baba mdogo alikohoa kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja. Rahima akaenda uani na simu.

"Ukuta umekauka," alisema.

"Vizuri. Pakeni rangi."

"Nimesema, Mujibu. Mbele ya baba mdogo. Yale niliyoyanyamazia."

Mujibu alisogea mbali na honi za stendi.

"Amejibu nini?"

"Ameuliza barua iko wapi."

"Ninayo," Mujibu alisema taratibu. "Ile ile. Ina tarehe ya mwaka juzi. Nitaandika nyingine."

"Usiandike. Ilete hiyo hiyo. Nataka waone umengoja tangu lini."



"Sawa, Rahi," Mujibu akasema.