Nyumba Zilizofundishwa Kupuuza Ndala

"Kule Mtaa wa Misonobari, nyumba imemla mtoto mguu."

Vumilia alilisikia neno hilo kwenye foleni ya kusaga unga. Akarudi nalo, akapika nalo, akalala nalo. Halikumtoka.

Nyumba yake ilikuwa kama zote za mji mpya wa Mafinga. Mbao tupu, zilizokatwa kwa mwali wa leza mpaka kila kipande kikaingia kwa mwenzake bila msumari. Kwenye viungo kulikuwa na vikombe vya chuma vilivyojaa gololi, kama zile za beringi ya baiskeli, ila kubwa. Kwa gololi hizo kuta ziligeuka zenyewe kufuata jua. Ukuta mzito kuliko ng'ombe wawili, mtoto angeusukuma kwa kidole.

"Nyumba ina meno?" Mama Lwitiko, jirani yake, aliposimuliwa alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Mwenzangu, hizi zina macho. Zikimwona mtu zinasimama."

Ni kweli zilisimama. Shida ni kwamba zilisimama hata kwa ndala. Akina mama walibana ukuta kwa ndala ili jua lisihame kwenye ulezi walioanika ndani. Wakishaanua, ndala husahaulika, nyumba hushindwa kugeuka. Basi inauliza kwa upole, "Kuna mguu?"

"Hiyo ndala tu, endelea," Vumilia alikuwa akijibu kutoka jikoni, mikono ina unga. Mama Lwitiko naye hivyo hivyo. Mji mzima hivyo hivyo. Mwishowe nyumba zikaacha kuuliza.

Asubuhi moja Vumilia alikuwa akipepeta ulezi. Alipoinua macho, mwanawe Tulizo, wa miaka minne, alikuwa amekaa kizingitini, mguu mmoja kautumbukiza kwenye mwanya ambao ukuta ulikuwa unakuja kuuziba. Mguuni ndala.

"Tulizo! Mwanangu!"

"Ndala tu, mama," nyumba ikajibu. "Naendelea."

Vumilia alitupa ungo, akaingiza mkono wake mtupu mwanyani.

"Mtu!" nyumba ikapiga kelele, ikashika breki. Lakini kitu kinachoteleza juu ya gololi hakisimami papo hapo. Tulizo alichomoka. Ndala ikabaki. Na vidole viwili vya mama yake vikabaki.

Mhandisi Mgaya, aliyesimamia nyumba hizo, alikuja kumpa pole. Hakugusa chai aliyowekewa na Mama Lwitiko.

"Gololi zinaondoa msuguano, dada. Uzito hauendi popote."

"Sijakuuliza gololi, kaka. Nani aliifundisha kwamba mguu wa mwanangu ni ndala?"

"Nyumba zote zina akili moja. Ikijifunza moja, zimejifunza zote." Mgaya akainamisha kichwa. "Waliofundisha ni wote waliojibu."

"Na yule mtoto wa Misonobari?"

"Alikuwa amevaa ndala."

Mama Lwitiko aliweka birika chini. Safari hii hakucheka.

Mzazi mwenye nyumba ya kugeuka, epuka haya:

Kubana ukuta kwa ndala, jiwe au ukuni.

Kuijibu nyumba bila kwenda kutazama.

Kumwacha mtoto achezee ukuta kwa kuwa ni mwepesi. Si mwepesi.

Kuanika ulezi ndani. Anika uani, hata kuku wakila.

Kucheka uvumi kabla hujauliza mtoto alikuwa amevaa nini.