Nani Aliwaua Wadudu wa Selpha?

Kitendawili, mjukuu wangu! Nina mifugo isiyoonekana; hunywa dizeli, huacha maji safi. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Kisumu? Vizuri, maana huko ndiko walikouawa.

Machi 1993, saa moja asubuhi, Selpha alifika kwenye bwawa la bohari ya mafuta kando ya ziwa. Humo ndimo yalimoingia maji yaliyooshea matangi, na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wakala mafuta yote kabla maji hayajatoka. Selpha ndiye aliyewalea: akawapulizia hewa kwa pampu, akawatilia samadi. Siku zote bwawa lilinukia udongo ulionyeshewa. Siku hiyo lilinuka kama wodi iliyotoka kupigwa deki, na dizeli ilishafika ufuoni wanapooshea samaki.

Inspekta Shitanda wa polisi alipoitwa akanusa, akasema ni klorini, dawa ya kuulia vijidudu, iliyotoka stoo ya bohari. Ufunguo alikuwa nao Wabwire, mlinzi. Huyo akaapa kwamba yeye huuning'iniza mlangoni, mwenye haja huchukua. Tena bwawa lenyewe alidhani ni choo cha wakubwa. Shitanda akamgeukia Selpha.

"Mama, nani mwingine alijua kinachowaua?"

Selpha akanyamaza. Kesi ya kuchafua ziwa ilikuwa ya jela, lakini akanyamaza. Akawekwa ndani.

Mchana mumewe Dalmas, dereva wa bohari hiyo hiyo, akamletea uji kituoni. Suruali yake ya kazi, ya buluu, ilikuwa na madoa meupe kuanzia magotini.

"Umemwagikiwa na nini, bwana?" Shitanda akauliza.

"Dizeli, afande."

"Dizeli huacha doa jeusi. Hii imekula rangi."

Dalmas akakaa chini. Akaeleza kwamba madereva wenzake walimwita bwana wa Mama Wadudu, wakamuuliza kama na yeye hulishwa samadi. Mke akirudi, hadithi ni bwawa tu. Akaona bwawa likifa, kazi itakwisha, mke atatulia nyumbani. Habari za klorini aliambiwa na Selpha mwenyewe, wakila.

Selpha akatolewa.

"Baba Tom, mimi nilinyamaza nikikuficha. Wewe uliponiona nimefungwa, mbona hukusema?"

Dalmas akatiwa pingu, akapelekwa kwenye seli ile ile. Selpha hakuondoka. Alisimama pale pale akingoja jibu, hata Shitanda akaona haya kufunga mlango.

Dalmas akasema bila kugeuka, "Nilijua hutanitaja."