Ndayiragije Ameacha Kunywa Maji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Spès humpa mume wake uji wa mtama. Ndayiragije hunywa kikombe cha kwanza akiwa amesimama, cha pili akiwa ameketi. Kisha wanachukua majembe na kwenda kwenye mpunga wao, nje kidogo ya Sange.

Asubuhi moja Ndayiragije alikisukuma kikombe pembeni.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Upepo?" Spès alimtazama vizuri. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. "Jana hukunywa maji shambani. Juzi pia. Iko nini, Baba Félicien?"

Ndayiragije alipunguza sauti. "Usiku naamka kukojoa, narudi kulala, naamka tena. Na nikisimama pale, mukojo unatoka matone matone. Basi nimeacha kunywa. Kisichoingia hakitatoka."

"Na kaka yako je? Si alianza hivyo hivyo?"

Ndayiragije alichukua jembe lake. Kaka yake Kwizera alikufa kwa kansa ya tezi dume. Alipofika hospitalini, kansa ilikuwa tayari kwenye mifupa.

"Tumuulize Noella," Spès alisema. Noella ni mke wa mtoto wao Félicien, tena ni muuguzi.

"Weye! Nimwambie mukamwana habari za mukojo wangu? Heri nife!"

Kwa desturi yao, baba mkwe na mukamwana wanaheshimiana sana. Hawatazamani usoni. Hawatajani majina.

"Basi usimwambie. Minye nitamwambia. Weye utakaa chumbani na masikio yako."

Jioni Noella alikuja. Aliketi uani chini ya dirisha, akaligeuzia mgongo. Ndayiragije alikuwa ndani.

"Mama, mwambie baba asiache kunywa maji. Mwili utakauka na figo zitaumia."

"Amesema usiache..."

"Nimesikia! Minye si kiziwi," sauti ilitoka dirishani.

Noella aliuma mdomo asicheke. "Mwambie kila mwanaume ana tezi dume, chini ya kibofu cha mkojo. Madaktari wa kwetu huiita prostati. Mtu akizeeka, inaweza kuvimba na kubana njia ya mkojo. Mara nyingi si kansa. Lakini kansa yenyewe ikianza, mara nyingi haiumi na haionekani. Kwa hiyo mwanaume akifika miaka hamsini amuulize daktari habari za kupimwa, hata akijisikia muzima. Kama baba yake au ndugu yake aliugua, aulize mapema zaidi, kwenye arobaini na kitu."

"Muulize wanapimaje," sauti ilisema.

"Wanachukua damu kidogo mkononi. Daktari anaweza pia kuvaa glavu, akapima tezi kwa kidole, kupitia njia ya haja kubwa."

"Mama Félicien! Mwambie mukamwana, kidole hapana!"

"Watoto saba nimekuzalia," Spès alijibu, "wakunga wakinitazama. Weye unaogopa kidole kimoja?"

Noella alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Ndani ya chumba pia mtu alianza kucheka.

Wiki hiyo mume na mke walikwenda hospitalini Uvira. Kipimo cha damu kilikuwa juu kuliko kawaida. "Hicho peke yake hakisemi kwamba ni kansa," daktari alieleza. "Lazima tupime zaidi." Madaktari walichukua vipande vidogo sana vya tezi. Siku ya majibu, Spès alimshika mume wake mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kansa ilikuwepo. Lakini ilikuwa ndogo, haijatoka nje ya tezi. Ndayiragije alipelekwa hospitalini Bukavu, akapasuliwa, tezi ikatolewa.

Aliporudi Sange, mwembamba lakini mzima, ndugu walijaa uani kumsalimia. Noella alisimama karibu na jiko, macho chini.

"Mama Félicien, mwambie mukamwana..." Ndayiragije alianza. Kisha akageuka kumtazama mwenyewe.

"Noella."

Ndugu wote waligeuka kumtazama.

"Noella, binti yangu, asante. Na nyinyi wanaume, sikieni. Nilijifanya ninaona haya. Haikuwa haya. Nilikuwa naogopa kufa kama Kwizera."