Joho la Mlima wa Kwetu

"Fumua!"

Mama mkwe mtarajiwa alilitupa joho juu ya mtambo wangu wa kufumia. Joho la harusi la mwanawe, nililolifuma mwenyewe toka uzi wa kwanza.

"Nifumue nini, Mama?"

"Huo mlima. Umeukosea. Kilele kirefu kinakaa kulia. Nimezaliwa chini yake, wewe utanifundisha?"

"Kwetu kinakaa kushoto."

"Kwenu! Ng'ambo huko, kwa watu waliotunyang'anya malisho. Mwanangu hatavaa mlima wa kwenu mgongoni."

Babu zetu waligombea mlima huo mpaka wakaacha kuzikana. Sisi wajukuu tukaenda kupendana. Ndio ukorofi wetu.

"Sifumui hata uzi mmoja."

"Basi hakuna harusi!"

Akaondoka, mlango akauacha wazi. Kabla sijaufunga, ujumbe ukaingia. Fundi, mchumba wangu, mchomelea mageti wa mtaa wa pili:

"Mpenzi, fumua tu yaishe. Ni nguo."

Ni nguo! Nikamjibu:

"Njoo ufumue mwenyewe. Na mama yako aje aone."

Wakaja jioni. Mama kashika mkasi, Fundi kashika kichwa.

"Anzia pindoni," nikamwelekeza Fundi. "Taratibu, usijikate."

Akaligeuza joho kutafuta uzi wa kuanzia. Akaganda.

"Mama..."

"Kata!"

"Mama, ona huku ndani. Kilele kimehamia kulia. Mto wetu huu hapa. Na jiwe la kwa shangazi!"

Mama akasogea. Akaligusa lile jiwe kwa kidole, pole pole, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

"Nani alikwambia habari za jiwe hili?"

"Mwanao. Husimulia habari za kwenu kila siku, na mimi nina masikio."

"Mbona hukusema asubuhi?"

"Hukuuliza, Mama. Ulisema fumua."

"Hee! Mpole mpole, kumbe moto wa pumba. Haya, avae upande huu nje."

"Hapana, Mama." Fundi alikuwa ameshalivaa, kilele kirefu kushoto. "Wa kwetu utanigusa mwili. Huu wa kwao ndio watu wauone." Akanigeukia. "Nisamehe ule ujumbe."

"Utafua nguo mwezi mzima. Si ni nguo tu?"

Mama akanikabidhi mkasi, akijitahidi kununa.

"Na mimi unifumie la kuvaa siku hiyo. Kilele kulia!"

"Sawa, Mama. Cha kushoto kitakaa ndani."