Jani la Kijani Kwenye Dashibodi

Kwanza kilisikika kikohozi. Injini ya dizeli ilikohoa nje ya karakana, ikavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema neno, kisha ikanyamaza. Pima, aliyekuwa amelala chini ya gari jingine, aliitambua injini hiyo kabla hajaiona. Ilikuwa ya pikapu kubwa nyeupe, gari ambalo kaka yake alilipenda kuliko usingizi.

Alipotoka aliikuta imekwama langoni, tela lenye mabomba ya visima likiwa nyuma yake. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Dereva wake, mtu mfupi aliyeitwa Kobe kwa mwendo wake wa taratibu barabarani, alisimama kando, mikono kichwani.

"Imekauka, dada. Ijumaa jioni niliiacha na robo tangi. Leo hata harufu hakuna."

Mzee, baba yake Pima na mwenye kampuni hiyo ya kuchimba visima, alishuka ngazi za ofisi.

"Kila Jumatatu gari hili lina kiu," alisema. "Mengine yote yanakunywa kwa adabu tangu nilipoamuru kitufe cha jani kisizimwe. Hili peke yake ndilo linaloninyonya. Na dereva wake ni wewe."

"Ufunguo naacha ofisini, Mzee."

"Askari anakuja saa sita. Utamweleza yeye."

Kitufe cha jani kilikuwa cha kubana mafuta. Ukikibonyeza, jani dogo la kijani huwaka mbele ya dereva. Mzee alinunua pikapu zake zote kwa sababu ya jani hilo. Kaka yake Pima alimbishia: gari likifungwa tela zito, alisema, kitufe hicho ni pambo tu. Maneno yakapanda, mlango ukabamizwa, kaka akafunga begi lake akaenda ng'ambo. Simu zake zilimfikia Pima peke yake. Nyumbani kiti chake kilibaki mezani, na kila jioni watu wawili walikula wakikikwepa kwa macho.

"Baba, nipe mpaka hiyo saa sita," Pima alisema.

"Unamtetea kwa kuwa alikuwa rafiki wa kaka yako."

"Namtetea kwa kuwa huna ushahidi."

Hawakumwita Pima bure. Alianza na tangi. Kifuniko kilikuwa kimefungwa na kufuli halikuwa na mkwaruzo. Alipapasa mipira ya mafuta kutoka mwanzo hadi mwisho, vidole vikatoka vikavu. Chini, pale gari lilipolala tangu Ijumaa, hapakuwa na doa.

Fundi mkuu wa karakana alimtazama akitafuna kijiti cha meno.

"Unatafuta mwizi wa miguu miwili," alisema. "Mwizi ni kitufe. Kikiwashwa, gari linasinzia. Ukikanyaga mafuta, linakujibu kesho. Dereva anachoka, anakanyaga mpaka sakafuni. Unabana wapi hapo?"

"Basi tukipime."

Walijaza tangi mpaka shingoni. Asubuhi Kobe alilisogeza gari hadi langoni akiwa amekaa ukingoni mwa kiti; sasa alipopanda, jambo la kwanza alilofanya ni kukivuta mbele, akivuta na kulalamika.

"Nani kakisukuma nyuma hivi? Miguu yangu ingefika hapa, ningekuwa mlinda mlango wa timu ya taifa."

Pima alicheka, kisha akaacha kucheka, akakitazama kiti kwa muda.

Walipanda kilima cha nyuma ya mji na tela lao, jani likiwaka. Walirudi, wakajaza tena mpaka shingoni, Pima akisoma mashine ya mafuta. Wakapanda tena kilima kilekile, jani limezimwa, wakarudi kujaza mara ya tatu.

"Haya, tuambie," fundi alisema.

"Tofauti ni ya kijiko. Mjini, gari likiwa tupu, kwenye foleni, jani linasaidia kidogo. Kwa tela na mlima, karibu halisaidii kitu. Lakini haliibi, Fundi. Mashitaka yako yamefutwa."

"Nitakata rufaa," fundi alisema, akatema kijiti.

Kobe hakucheka. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani.

Pima alirudi kwenye dashibodi. Ijumaa jioni, Kobe alipokwisha kuliacha, alikuwa amebadilisha oili ya gari hili na kusoma vipimo viwili. Cha kilomita kilikuwa kimeongezeka kwa safari za asubuhi hiyo tu. Lakini kipimo cha muda wa injini kilikuwa kimekimbia, kana kwamba kilikuwa na safari yake chenyewe. Magurudumu yalisimama, injini ikafanya kazi. Mafuta hayakuibwa. Yalichomwa papo hapo, uani.

Alimwendea mlinzi langoni.

"Jana Jumapili, nani aliingia hapa?"

"Hakuna mgeni aliyeingia, dada."

"Sikuuliza mgeni."

Mlinzi aliviangalia viatu vyake. "Dada, mimi nina watoto. Niulize jambo jingine."

Pima hakuuliza tena. Alipanda ngazi za ofisi polepole, kwa sababu sasa alijua anakokwenda, na hakutaka kufika.

Baba yake alikuwa dirishani. Pima alifunga mlango.

"Baba, gari likisimama injini inaunguruma, jani limewaka, mafuta yanakwenda?"

"Si ya kuhesabika. Ndiyo kazi ya jani. Unaweza kukaa humo mchana kutwa, kipoza hewa kinapuliza, na usipoteze kitu."

"Nani alikaa mchana kutwa?"

Mzee alilifunga dirisha.

"Kiti cha Kobe kilisukumwa nyuma mpaka mwisho," Pima aliendelea. "Kwa urefu wa kaka. Na mlinzi anasema hakuingia mgeni. Mwenye nyumba si mgeni, Baba. Jani halizimi injini. Ikiunguruma, inakunywa, liwake lisiwake. Hukuona mshale wa mafuta ukishuka?"

"Mshale sikuutazama," Mzee alisema. "Nilitazama jani."

Alikaa. Alionekana mdogo nyuma ya meza yake mwenyewe.

"Nafunga vioo. Nakiweka kiti alivyokuwa anakiweka yeye. Injini ikiwaka, usukani unatetemeka kidogo mkononi. Kana kwamba ameushika upande wa pili. Ikizimwa, mwanangu, unakuwa usukani tu."

Pima alitaka kwenda kumshika bega. Alibaki amesimama.

"Ulijua kwamba ni wewe?"

"Wiki iliyopita nilianza kushuku. Lakini ingekuwa mimi, basi jani ni la bure. Na jani likiwa la bure, nilimfukuza mtoto kwa kusema kweli." Alifuta uso. "Ilikuwa rahisi awe Kobe."

Chini, pikipiki ya askari ilikuwa inaingia.

Mzee alishuka mwenyewe. Alimwambia askari, watu wote wakisikia, kwamba mafuta aliyachoma yeye na hakuna kesi. Kisha akamgeukia dereva.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mzee, umeniita mwizi kwa sauti," Kobe alisema. "Hilo la mwanangu umelinong'ona."

Mzee akalirudia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mlinzi. Kobe akampa mkono, kisha akaenda kukagua minyororo ya tela, maana mabomba bado yalikuwa yanasubiriwa.

Baba na binti walibaki kwenye jua la uani.

"Kaka yako asijue haya," Mzee alisema chinichini.

"Hilo silikubali, Baba. Nitampigia leo, umeketi kando yangu. Nitamwambia alisema kweli kuhusu kitufe, na nitamwambia unakaa wapi kila Jumapili. Ukinyamaza, nitangoja. Akinyamaza, nitangoja pia. Nakuahidi, sitaikata simu hiyo mpaka muongee."