Kidonge cha Kila Goti

Kila siku ya gulio, wanawake wa milimani waliteremka Mkuyuni na ndizi kichwani. Njia ilikuwa kali, na mteremko huumiza magoti kuliko mlima. Kwa hiyo kabla ya kujitwisha, walikunywa dawa.

Asubuhi hiyo Eufrazia alikaa mlangoni, akafungua gazeti lililosokotwa. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbalimbali.

"Hiki cha goti la kulia," alisema. "Hiki cha kushoto. Na hiki cha mgongo."

"Na uji, mama?" aliuliza binti yake, Devotha.

"Dawa ikikuta tumbo tupu, inakwenda magotini mbio. Hata marehemu Agnes alikunywa hivyo."

"Ndiyo. Na yuko wapi?"

"Usinitie nuksi asubuhi hii."

Devotha aliuma meno. Agnes alikuwa mama yake mdogo, mcheshi wa gulio zima. Alikufa mvua zilizopita, akitapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Ukoo ulisema amerogwa. Wakamtaja Bibi Kristina, jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Tangu msiba ule, hakuna aliyempa bibi huyo shikamoo.

Walipofika Mkuyuni, Eufrazia alitua mkungu, akashika tumbo, akatapika. Matapishi yalikuwa meusi, kama ya Agnes.

"Kristina tena," mwanamke mmoja alinong'ona.

Hasira ilimpanda Devotha mpaka masikioni. "Nyamazeni. Nishikieni mama, twende zahanati."

Pale zahanati, tabibu Yunusi aliuliza, "Choo kikoje, mama?"

Eufrazia aliona haya. "Cheusi. Kinanata kama lami."

"Umekunywa dawa gani?"

Devotha alifungua fundo la khanga ya mama yake, akaweka lile gazeti mezani. Tabibu aligeuza vidonge vilivyobaki.

"Hivi vimevaa nguo tofauti, lakini ni ukoo mmoja. Ukivichanganya, ni kama kurudia dawa ileile mara tatu."

"Lakini kimoja ni cha goti la kulia," alisema Eufrazia kwa sauti ndogo.

"Kidonge hakijui goti, mama. Kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima. Sasa sikiliza. Tumboni mna maji makali ya kusaga chakula. Ukuta wa tumbo umepakwa ute ili maji yale yasiuchome. Dawa hizi zikizidi, ute unapungua. Maji makali yanakula ukuta, kidonda kinatoka damu. Damu ikikaa humo, inageuka nyeusi. Ukiona hivyo, usingoje. Njoo siku hiyohiyo."

"Mama mdogo alitapika hivihivi," alisema Devotha.

"Sikumwona, siwezi kuapa. Mngemleta."

"Tulimpeleka kwa mganga wa kienyeji." Alisema hivyo akimtazama mama yake machoni. Eufrazia aligeukia ukutani.

Gari lililobeba machungwa lilimpeleka Eufrazia hospitali ya mjini, akaongezewa damu. Ndugu walibaki naye. Siku ya gulio lililofuata, Devotha alikwenda moja kwa moja dukani kwa Stambuli, walikonunua vidonge. Zamani Stambuli aliuza chumvi na mafuta ya taa. Serikali ilipoachia biashara huria, kila mtu akauza alichotaka, naye akaweka kopo la vidonge kando ya pipi.

"Karibu, dada. Mgongo au magoti?"

"Agnes unamkumbuka?"

"Yule mcheshi? Mteja wangu sana."

"Amekufa. Na mama yangu anatiwa damu mjini."

Stambuli alifuta meza isiyo na vumbi. "Pole. Lakini mimi nauza tu, dada. Simlazimishi mtu."

"Uliwaambia wale chakula kwanza? Uliwaambia zote ni dawa moja?"

"Mimi si daktari."

"Basi usiuze kama daktari."

Wanawake waliokuwa wakingoja walisikia. Mmoja alirudisha gazeti lake mezani. Mwingine akafuata. Baada ya miezi michache, Stambuli alirudi kwenye chumvi yake.

Eufrazia alipona. Vidonge vile hakuvigusa tena. Kwa magoti yake, tabibu alimpa dawa nyingine na kumwonyesha kipimo chake. Sasa anakunywa uji kwanza, kisha anabeba nusu ya mzigo, na Devotha anabeba nusu. Njiani wanapumzika, na wenzao wanawaiga.

Jumapili moja, mama na binti walimpelekea Bibi Kristina mkungu wa ndizi. Alikuwa akimenya mihogo.

"Shikamoo, mama," alisema Eufrazia.

Kisu hakikusimama. "Mnaniamkia leo kwa sababu tabibu amesema?"

Eufrazia alitua mkungu mlangoni. Devotha ndiye aliyejibu. "Ndiyo, bibi. Tungeuliza mapema, Agnes angeweza kuwa hai, na wewe usingetengwa. Tulikukosea. Mimi pia nilinyamaza."

Bibi Kristina alimenya muhogo mpaka mwisho. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu, bila kutabasamu.

"Marahaba," alisema. "Kaeni."