Hodi Kwenye Simu ya Mezani

Mara ya kwanza simu ya mezani ilipopiga hodi, Lusungu alidhani ni maigizo ya redioni.

Tangu mnara wa redio usimikwe juu ya kilima, kule Madale, simu ya shangazi yake ilikuwa haifai. Ukiinua mkonga wa kusikilizia, muziki wa singeli. Ukianza kuongea, mtangazaji anakukatiza kwa tangazo la magodoro. Na Lusungu, aliyeacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki, alikuwa anasubiri simu moja tu. Mwalimu Gladness wa Bunju alimwahidi nafasi ya kurudi darasani. Angepiga wiki hiyohiyo, na asipomsikia, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Shangazi Tupokigwe alishazunguka ofisi zote. Watu wa redio walisema wana leseni na mitambo yao haijavuka kiwango. Watu wa simu walisema laini ni nzima mpaka kwenye nguzo. Ofisi ya mawasiliano ikamaliza kabisa: simu yenyewe haina kinga, mwenye nayo atafute kichujio cha kuzuia mawimbi ya redio.

"Yaani kelele zao, kosa langu!" shangazi alifoka. "Wataniua kwa presha hawa!"

Mchana mmoja Lusungu aliinua mkonga, na katikati ya ngoma akasikia sauti ya mwanamke, tulivu, kama imeegemea sikio lake.

"Hodi."

Kwao hodi haiachwi bila jibu. Mdomo ukatangulia akili.

"Karibu, karibu ndani."

Singeli ikakatika kwa sekunde chache. Pazia la mlangoni likajaa kama linapitiwa na mtu, likatulia. Sebule nzima ikanuka udi na matope mabichi.

Kuanzia hapo kiti cha kamba kikawa kinalia bila kukaliwa, na chumba cha wageni, kilichokuwa kitupu, kikawa na kikohozi.

"Nani yumo humo?" shangazi alinong'ona.

"Hamna mtu, shangazi."

"Mbona anakohoa?"

Fundi Mwinshehe alikuja kutoka Mwenge. Alichomoa televisheni, friji, king'amuzi, kimoja baada ya kingine, huku akisikiliza. Singeli zilipobaki palepale, akafunga kichujio kidogo kwenye waya wa simu. Kimya. Shangazi alipiga makofi. Fundi, badala ya kufurahi, alikuwa ananusa.

"Mnafukiza udi?"

"Sie watu wa kanisa, fundi. Udi wa nini?"

"Kuna mtu mlimkaribisha?"

Lusungu akaeleza. Mwinshehe akaanza kukusanya bisibisi zake.

"Binti, kwenye simu watu husema halo. Anayepiga hodi anatafuta mlango."

"Basi mtoe!" shangazi alisema.

"Mie fundi simu, mama. Hiki kidude kinazuia cha nje kisiingie. Wenu yumo ndani."

Akatoka mbiombio, shangazi nyuma yake akimbembeleza. Lusungu akabaki na laini safi mkononi. Akampigia Mwalimu Gladness.

"Shikamoo, mwalimu. Mie Lusungu."

"Wewe tena? Si nilipiga jana, ukapokea mwenyewe, ukasema shule huitaki na nisikusumbue?"

"Jana nilikuwa dukani, mwalimu! Aliyepokea si mie!"

"Sauti yako naijua, binti. Nafasi nimeshampa mwingine."

Mkonga ukamponyoka, na kiti cha kamba kikalia nyuma yake, na ule udi ukapanda, na kutoka chumba cha wageni kikohozi kikaja kikisogea, kikavuka ukumbi, kikafika mgongoni, naye akakimbia peku mpaka uani huku mlango ukijibamiza, akasimama juani, akiangalia barabara ambako shangazi alikuwa haonekani.

Alilia mpaka hasira ikaishinda hofu. Nafasi yake imeibwa, na nyumba nayo? Akafuta machozi, akarudi mlangoni. Kwa mazoea tu, akabisha.

"Hodi."

"Karibu, karibu ndani," sauti yake mwenyewe ikamjibu kutoka sebuleni.